Kosovo, Bosnia, Sierra Leone au Afghanistan: ipi njia ya kujenga polisi baada ya vita?

Tarehe 25 Mei 2006, mjini Dili, askari polisi wa Timor-Leste walitoka nje ya makao makuu yao mikono mitupu. Silaha walikuwa wamezisalimisha kwa makubaliano, na watumishi wa Umoja wa Mataifa ndio waliowasindikiza. Wanajeshi wa nchi hiyohiyo wakawamiminia risasi barabarani. Polisi 8 walikufa na zaidi ya watu 25 wakajeruhiwa, wakiwemo washauri wawili wa polisi wa Umoja wa Mataifa.

Jeshi lile la polisi lilijengwa na Umoja wa Mataifa wenyewe, kuanzia kuruta wa kwanza mwaka 2000, na lilikuwa limekabidhiwa kwa nchi miaka miwili tu nyuma yake. Chuo kilikuwepo, wakufunzi kutoka nchi nyingi walikuwepo, somo la haki za binadamu lilifundishwa, sare zilikuwa mpya. Ndiyo maana naanzia hapo. Watu wakilinganisha misaada ya polisi huanza na idadi ya waliohitimu, na idadi hiyo haikuambii lolote kuhusu siku ya mtihani. Mimi nimefika mahali pa kuuliza maswali mawili kabla ya mengine yote: nani anaandika jina la askari kwenye daftari la mishahara, na nani ana uwezo wa kulifuta?

Naandika kwa ajili ya mtu atakayeketi mezani: ofisa wa wizara, mbunge wa kamati ya usalama, mwakilishi wa asasi ya kiraia aliyealikwa kutoa maoni, au mfadhili anayetaka kujua fedha ziende wapi. Mezani hapo huletwa mapendekezo yenye majina ya kuvutia. Ukiyavua majina yanabaki manne, na kila moja limeshajaribiwa mahali fulani, likagharimu fedha na roho za watu.

Njia ya kwanza: wageni wanakuwa polisi wenyewe

Huu ndio mfano wa Kosovo, iliyokuwa jimbo la Serbia. Azimio 1244 la Baraza la Usalama, la tarehe 10 Juni 1999, liliupa Umoja wa Mataifa utawala wa eneo zima. Polisi wa Serbia walikuwa wameondoka, hapakuwa na mtu wa kumkamata mwizi. Polisi wa Umoja wa Mataifa wakaingia na bunduki na pingu. Walifanya doria, walifungua majalada, waliweka watu mahabusu. Wakati huohuo Shirika la Usalama na Ushirikiano barani Ulaya likafungua chuo cha polisi huko Vushtrri, Septemba mwaka uleule. Kuruta alisoma wiki chache, kisha akapelekwa mtaani kufanya kazi chini ya jicho la askari mgeni, na hakuachiwa kazi peke yake mpaka mgeni huyo aridhike.

Faida yake kubwa ni kwamba daftari la majina lilianzia ukurasa wa kwanza. Hapakuwa na mkuu wa kituo wa zamani wa kumlindia mpwa wake nafasi. Waalbania na Waserbia walikaa darasa moja, na wanawake waliingia tangu mwanzo. Kwa miaka mingi polisi ya Kosovo imekuwa miongoni mwa taasisi zinazoaminiwa zaidi na wananchi wake, kuliko hata mahakama.

Gharama yake ni watu na muda. Polisi wa kimataifa walichelewa kufika, na walipofika kila mmoja alikuwa na sheria ya kwao kichwani. Ghasia za Machi 2004 ziliua watu 19 wakati wageni bado ndio wenye mamlaka. Halafu kuna jambo ambalo hakuna chuo kinachoweza kulifundisha. Swali la nchi ni ya nani liliporudi, sare haikutosha kuwashikilia askari pamoja. Novemba 2022 mamia ya polisi Waserbia wa kaskazini mwa Kosovo walijiuzulu kwa mkupuo kwa sababu ya mgogoro wa namba za magari zilizotolewa na Serbia.

Timor-Leste walitumia zana zilezile, na tumeona matokeo. Kwa nini? Sababu ya kwanza ni mchujo. Umoja wa Mataifa uliwaajiri mamia kadhaa ya waliokuwa polisi wa Indonesia, ukawapa kozi fupi, na baadhi yao wakapanda hadi kwenye ukamanda. Kwa waliopigana msituni miaka 24 dhidi ya utawala wa Indonesia, kumwona mtu huyo na nyota mpya mabegani lilikuwa donda. Sababu ya pili naiona nzito zaidi: wageni walimjenga konstebo wakaisahau wizara. Waziri wa mambo ya ndani, Rogério Lobato, alihukumiwa mwaka 2007 kifungo cha miaka 7 na nusu kuhusiana na kugawa silaha za polisi kwa raia katika machafuko yale. Mgeni mwenye pingu anaweza kumdhibiti askari wa doria. Waziri anabaki palepale.

Njia ya pili: wageni wasio na pingu

Bosnia ilikuwa na tatizo la kinyume. Baada ya Mkataba wa Dayton wa 1995 uliomaliza vita, polisi walikuwa wengi mno, karibu 44,000 kwa pande zote tatu zilizopigana (Wabosniaki, Waserbia na Wakroati), na wengi wao walikuwa wapiganaji waliobadilisha sare tu. Umoja wa Mataifa ulituma kikosi cha polisi kisicho na silaha wala mamlaka ya kukamata. Kazi yake ilikuwa kuangalia, kushauri na kuchuja.

Ukisikia hivyo unaweza kudhani ni kazi ya watazamaji. Lakini mchujo ule ulikuwa na meno. Kila polisi aliwasilisha jina, elimu na historia yake ya wakati wa vita. Iliangaliwa hata nyumba anayoishi, kwa sababu baadhi walikuwa wamehamia kwenye nyumba za majirani waliofukuzwa. Asiyepata cheti hakuruhusiwa kuvaa sare popote nchini. Kikosi kilipofungwa mwishoni mwa 2002, zaidi ya askari 15,000 ndio waliokuwa na vyeti.

Kasoro yake nayo ilikuwa kubwa. Aliyenyimwa cheti alifungiwa maisha, na kikosi kilipoondoka hapakubaki mlango wa kubisha. Mamia ya watu, wenye hatia na wasio na hatia, walikaa miaka bila pa kukata rufaa. Ilibidi Baraza la Usalama lenyewe, mwaka 2007, liruhusu waombe kazi upya. Mchujo bila rufaa ni dhuluma nyingine, na huwapa wanasiasa hoja ya kuubomoa mchujo mzima.

Bosnia pia ndiyo iliyonionyesha thamani ya mambo madogo. Mwaka 1998 namba za magari zilibadilishwa ili zisionyeshe gari limetoka upande gani. Kabla ya hapo dereva alitambulika kwenye kizuizi kabla hajashusha kioo, na polisi wa upande wa pili walijua la kumfanya. Baada ya bamba jipya, watu wakaanza kuvuka. Hakuna kozi iliyofanya hivyo kwa haraka namna ile.

Umoja wa Ulaya ulipopokea kazi mwaka 2003 ulijaribu kuunganisha majeshi ya polisi ya pande zote. Mazungumzo yalivutana miaka kadhaa, na sheria zilizopitishwa mwaka 2008 ziliacha kila upande na polisi wake. Njia hii inaweza kumwondoa mtu mmoja mmoja. Kuunganisha polisi ambao wanasiasa wanawahesabu kama ngome yao, haiwezi.

Liberia ni ndugu wa Bosnia kwenye njia hii, ila mwenye subira. Kuanzia 2003 polisi wa Umoja wa Mataifa walichuja, wakafunza upya, na kufikia 2007 lengo la askari 3,500 likatimia. Januari mwaka huo kikosi cha polisi wanawake kutoka India kilifika Monrovia, na kuwaona wanawake wenye bunduki wakilinda ofisi ya rais kulibadilisha mawazo ya wasichana wengi kuhusu kazi hiyo. Nje ya mji mkuu vituo vingi viliendelea kukosa gari, mafuta na redio, na askari aliyefunzwa vizuri asiye na usafiri hafiki kwa mwathirika. Hata hivyo makabidhiano ya kazi ya usalama kwa Liberia yalikuja polepole, yakakamilika tarehe 30 Juni 2016, na uchaguzi wa 2017 ulisimamiwa na polisi wa Liberia wenyewe.

Wakati wa kuunda jeshi jipya la ulinzi la Liberia, picha za waombaji zilitangazwa hadharani ili anayemtambua mtesi wake aseme. Ni hatua ya gharama ndogo ambayo ningependa kuiona kwa kila kuruta wa polisi, kwa sharti moja: anayekuja kusema awe na mahali pa siri pa kusemea. Shahidi anayesimama foleni mbele ya kituo kilekile anachokilalamikia hatakuja.

Njia ya tatu: mgeni mmoja kwenye kiti cha mkuu

Januari 1999 waasi waliingia Freetown, mji mkuu wa Sierra Leone, na kuwasaka polisi nyumba kwa nyumba. Takriban 250 waliuawa. Vita vilikuwa vimelipunguza jeshi la polisi la Sierra Leone kutoka zaidi ya askari 9,000 hadi 6,600 hivi. Rais Ahmad Tejan Kabbah akafanya jambo ambalo marais wachache wangekubali: mwaka 1999 alimteua Mwingereza, Keith Biddle, ofisa mstaafu wa polisi, kuwa Inspekta Jenerali wa nchi.

Tofauti na njia mbili za kwanza iko kwenye saini. Biddle hakuwa mshauri anayeandika ripoti na kusubiri. Alikuwa mkuu anayepandisha cheo, anayehamisha na anayefukuza, na bosi wake alikuwa rais wa Sierra Leone. Vyeo vilipunguzwa kutoka 22 hadi 10. Maofisa vijana walipandishwa, wengine wakapelekwa Uingereza kusomea uongozi. Mwaka 2001 kikaanzishwa kitengo cha polisi cha kushughulikia ukatili wa majumbani na wa kingono, katika nchi ambayo ubakaji ulikuwa umetumika kama silaha ya vita. Mwaka 2003 kiti kikarudi kwa mzalendo, Brima Acha Kamara, ambaye alikuwa amekulia ndani ya mabadiliko hayo.

Naipenda njia hii kuliko nyingine, na nakiri kwamba ni ngumu kuiiga. Ilihitaji rais aliyeiomba mwenyewe. Ilihitaji wanajeshi wa Uingereza na wa Umoja wa Mataifa wakilinda amani pembeni, na mfadhili mmoja aliyekubali kukaa miaka badala ya wafadhili kumi wenye fomu kumi. Ilihitaji pia bahati ya mtu: angeteuliwa mwenye kiburi, jambo zima lingegeuka ukoloni mamboleo ndani ya miezi sita.

Tena haikugusa kila kitu. Tawi lenye silaha la polisi lilibaki na nguvu zake, na serikali zilizofuata zikalitumia. Tarehe 10 Agosti 2022 maandamano dhidi ya gharama za maisha yaliishia kwa vifo vya polisi 6 na raia zaidi ya 20. Kitengo cha kumsikiliza mama aliyepigwa kilikuwa kimeota mizizi. Namna ya kukabili umati haikuwa imebadilika kwa kiasi hicho.

Njia ya nne: kufunza mbiombio risasi zikilia

Hii ndiyo inayopendekezwa mara nyingi zaidi siku hizi, kwa hiyo nitakaa nayo.

Afghanistan ilianza vizuri kuliko inavyokumbukwa. Mwaka 2002 Ujerumani ilipewa dhamana ya polisi, ikafufua chuo cha Kabul na kuanza kufunza maofisa kwa miaka 3. Ulikuwa mpango wa nchi yenye amani. Marekani ikaona ni wa polepole mno. Kuanzia 2003, kupitia kampuni ya DynCorp, ikaleta kozi za wiki 8 kwa askari wa kawaida. Mwaka 2005 wizara ya ulinzi ya Marekani ikashika usukani, na baadaye wiki 8 zikawa 6. Wengi wa makuruta hawakujua kusoma wala kuandika. Polisi asiyejua kusoma hawezi kuandika maelezo ya shahidi, hawezi kusoma hati ya kukamata, na pale kizuizini hawezi kulinganisha kitambulisho na jina.

Lakini hawakuajiriwa ili waandike maelezo. Waliwekwa kwenye vizuizi vya barabara za mashambani, wachache wachache, na silaha nyepesi kuliko za jeshi, wakazuie waasi. Wakafa kwa wingi kuliko wanajeshi. Mtu akimpiga mkewe au akipora shamba la jirani, wanavijiji wengi walijua kwamba polisi hana nafasi hiyo, na mara nyingi walikwenda kwa waliokuwa wakisikiliza kesi kwa haraka, yaani Taliban.

Kuna kisa cha mwaka 2009 kutoka mkoa wa Wardak ambacho ningependa kila mfadhili akijue. Mishahara ya polisi ilikuwa inalipwa taslimu kupitia mikono ya makamanda. Kwa majaribio, askari 53 wakaanza kulipwa kwa simu, kupitia huduma ya M-Paisa, nduguye M-Pesa iliyokuwa imeanza Kenya mwaka 2007. Walipopokea fedha kamili, wapo waliodhani wameongezewa mshahara kwa karibu theluthi. Hawakuongezewa chochote. Ndiyo iliyokuwa haki yao siku zote, ila kamanda alikuwa akikata ya juu. Yakaonekana pia majina yasiyo na watu, askari hewa waliokuwa wakilipwa kila mwezi. Kamanda mmoja alifikia kuwataka askari wake wampe laini zao za simu ili akachukue fedha hizo mwenyewe.

Fikiria uzito wake. Askari anayepunjwa mshahara ataujazia barabarani, kwa dereva na kwa mama muuza mboga. Anayemjua kamanda kuwa mwizi hatamfia. Jambo hilo lilianza kutibika kwa simu ya mkononi, wakati Marekani pekee ilitumia zaidi ya dola bilioni 20 kwa polisi wa Afghanistan. Hadi Agosti 2021, serikali ilipoanguka, bado palikuwa na mabishano kuhusu idadi halisi ya polisi waliokuwepo kazini, na wengi wao walikuwa na miezi bila mshahara.

Iraq ilikimbia kwa mwendo uleule. Makuruta walipelekwa Jordan kwa kozi ya wiki 8. Novemba 2004 waasi walipovamia vituo vya Mosul, polisi wengi wa mji ule waliacha lindo wakaenda zao. Baadaye wizara ya mambo ya ndani iliingia mikononi mwa vyama vyenye wanamgambo, na wanamgambo wakapewa sare. Oktoba 2006 brigedi nzima ya polisi wa taifa iliondolewa kazini kwa tuhuma za kushirikiana na vikosi vya mauaji, na mwaka uliofuata tume iliyoongozwa na Jenerali James Jones ilipendekeza polisi hao wa taifa wavunjwe. Wakufunzi walikuwa wametimiza malengo yao ya idadi. Walikuwa wakimfunzia mtu mwingine askari wake.

Tuziweke kwenye mizani

Kwa mchujo, Bosnia inaongoza, na udhaifu wake wa rufaa unarekebishika. Kosovo ilipata urahisi wa kuanza upya, urahisi ambao nchi chache wanao. Sierra Leone haikufukuza wengi; ilipanga upya ngazi na kuchagua nani apande, na pengine hilo ndilo lililoipunguzia maadui. Afghanistan na Iraq hazikuwa na muda wa kuchuja, kwa sababu anayehesabu vichwa hapendi kuvipunguza.

Kwa mshahara, tatizo ni lilelile kila mahali, na ni Wardak pekee walipolishika kwenye shina. Kule Afghanistan mfuko uliosimamiwa na Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa ulilipa polisi tangu 2002. Mfuko wa nje huokoa nchi miaka ya mwanzo. Ukiwa haupungui mwaka hadi mwaka huku bajeti ya ndani ikipanda, siku mfadhili atakapoondoka askari ataondoka naye.

Kwa muda, hakuna aliyefanikiwa chini ya miaka kumi. Liberia ilichukua 13 kabla ya kukabidhiwa yote. Anayekuahidi polisi wa kisasa kwa miezi 24 anakuuzia kozi.

Siasa ndipo ninapowaona wageni wengi wakifumba macho. Nchini Kongo, Uingereza iligharamia mpango mkubwa wa mageuzi ya polisi kuanzia 2009, na majaribio ya polisi jamii huko Bukavu, Kananga na Matadi. Kazi nzuri ilifanyika katika miji hiyo. Kisha Novemba 2013 polisi wa Kinshasa wakaanzisha Operesheni Likofi dhidi ya magenge ya vijana. Human Rights Watch ilihesabu vijana wasiopungua 51 waliouawa na 33 waliotoweka. Ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa ilipochapisha ripoti yake Oktoba 2014, serikali ilimfukuza mkuu wa ofisi hiyo nchini. Majaribio ya mikoani yaliishi upande mmoja, amri ya mji mkuu ikaishi upande mwingine, na hazikukutana.

Iraq ina funzo la pembeni katika hili. Mwaka 2012 wakaguzi wa Marekani waliripoti kwamba takriban dola milioni 206 zilikuwa zimetumika kwa majengo ya mpango wa polisi ambayo yasingetumika tena. Viongozi wa Iraq walikuwa wameshasema hawauhitaji mpango huo kwa namna ulivyoandikwa. Waliulizwa kwa kuchelewa.

Na Haiti je?

Wasomaji wengi wa Kiswahili watauliza hili, na wana haki. Azimio 2699 la tarehe 2 Oktoba 2023 liliidhinisha ujumbe wa kimataifa wa kuwasaidia polisi wa Haiti chini ya uongozi wa Kenya, na askari wa kwanza wa Kenya walitua Port-au-Prince tarehe 25 Juni 2024. Waliopangwa ni 2,500, walioenda walikuwa takriban 1,000 tu, na fedha zilitegemea michango ya hiari. Tarehe 30 Septemba 2025 Baraza la Usalama lilibadilisha ujumbe huo kuwa kikosi cha kukabiliana na magenge, chenye ukomo wa watu 5,550.

Mimi siuhesabu ujumbe ule kuwa mageuzi ya polisi, na nadhani tunawakosea askari wale tukiwapima kwa kipimo hicho. Walitumwa kuzuia mji usianguke. Polisi wa Haiti waliundwa mwaka 1995 baada ya jeshi kuvunjwa, wakapata msaada wa wageni kwa awamu nyingi, na kila awamu ilikwisha kabla ya mizizi kushika. Anayetaka kuwasaidia sasa atakuta kwamba askari wengi wamehama nchi au wameuawa, na waliobaki wanaishi na familia zao katika mitaa ileile inayotawaliwa na magenge. Nyumba salama za askari na familia zao zingefanya kazi ambayo mafunzo hayawezi.

Ungekuwa wewe

Kama nchi imebaki haina polisi kabisa, na mamlaka yote yako mikononi mwa ujumbe wa kimataifa, chukua njia ya Kosovo, lakini anza wizara na ofisi ya mashtaka mwezi uleule unaofungua chuo. Usikubali kuambiwa kwamba wizara itafuata.

Kama polisi wapo wengi na mikono yao ina damu, chukua mchujo wa Bosnia. Weka chombo cha rufaa chenye majaji wa ndani na wa nje, na kiendelee kufanya kazi miaka michache baada ya wageni kuondoka.

Kama vita vimekwisha, rais ana nia na mfadhili ni mmoja au wawili, jaribu ya Sierra Leone. Huhitaji lazima mgeni akalie kiti cha juu. Anaweza kuwa mkuu wa fedha au mkuu wa utumishi wa polisi, mradi saini yake ihesabike kisheria. Kwa maoni yangu kiti cha utumishi kina nguvu kuliko cha uchunguzi, kwa sababu ndicho kinachoamua nani anapanda cheo.

Na kama vita bado vinaendelea? Usijenge polisi wakubwa. Waachie jeshi kazi ya kupigana na waasi. Chagua miji michache inayolindika, weka polisi wachache wanaojua kusoma, walipe kwa simu moja kwa moja, na waanze na kesi ambazo watu wanazo: wizi, ardhi, ukatili wa nyumbani. Najua jibu hili halimpendezi waziri anayetaka maelfu kabla ya uchaguzi. Maelfu hayo yalishapatikana Mosul.

Kwenye mkataba wenyewe ningeng'ang'ania mambo mawili. La kwanza ni hesabu ya askari mmoja mmoja, kwa alama za vidole na namba ya simu ya malipo, kabla ya shilingi ya kwanza ya mafunzo kutoka. Ikikataliwa, umeshajua unashughulika na nani, na bado hujapoteza chochote.

La pili ni namna ya kuondoka. Isiandikwe kwa tarehe ya nchi nzima. Iandikwe kwa wilaya: kila wilaya ikaguliwe, ikifaulu ikabidhiwe, ikifeli isubiri. Ndivyo walivyofanya Timor-Leste mara ya pili, baada ya yaliyotokea Dili. Walianza na Lautém Mei 2009, wakaenda wilaya baada ya wilaya hadi Machi 2011, na wageni wakabaki wakiangalia hadi mwisho wa 2012.